Risala ya vijana wa Makunduchi kwa mgeni rasmi: Mwaka Kogwa na simu zetu

Assalaam alaykum mgeni rasmi, sheha wetu, wazee wetu, walimu wa skuli na nyote mliokuja. Sisi vijana wa Makunduchi tunakukaribisha sana na tunaomba utusikilize, hili jambo limetukaa moyoni.

Mgeni rasmi, kila Julai uwanja unajaa watu kwa Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, na siku hizi wengi wameuona kwanza TikTok au Instagram, hatukatai, ni neema, tangazo kama lile sisi tusingeweza kulilipia. Zanzibar mwaka 2023 ilipata watalii zaidi ya laki 6, na sisi tuko mbali na Mji Mkongwe, bila klipu nani angekuja huku? Lakini angalia klipu zenyewe zinaonesha nini. Wanaume wanachapana kwa mapanda ya migomba, kibanda cha makuti kinawaka, basi imeisha. Haioneshi kuwa wale wanaochapana wanamaliza ugomvi wa mwaka mzima ili waanze bila kinyongo, wala kinamama wanavoimba pembeni na nguo zao mpya, wala wazee wanavoangalia moshi umeelekea wapi. Kwa hiyo mgeni anakuja na gari ya hoteli, anarekodi moto, anarudi zake ufukweni, chupa ya maji anatuachia sisi, na mama aliyepika toka alfajiri hajauza kitu.

Hapo ndo panapotuuma, maana kwa mila yetu nyumba kukosa mgeni siku za Mwaka Kogwa ni nuksi, na sherehe ni siku 4 sio saa moja! Wageni tunao mamia uwanjani, majumbani hawafiki, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa wanakaribishwa.

Sasa tunataka kuposti wenyewe. Tuwe na peji ya kijiji, tarehe tuziulize kwa wazee na tuzitangaze mapema sana, kwa sababu mwaka wetu unafuata hesabu ya Kishirazi, kalenda ya zamani yenye asili ya Uajemi, na mtu wa nje haijui. Tamasha la muziki la Sauti za Busara kule Mji Mkongwe lipo tangu 2004, watu wa Ulaya wanakata tiketi mapema kwa kuwa tarehe wanazijua, sisi je? Kwenye peji tuweke nyumba zinazopokea wageni, nani anapika nini, ngoma saa ngapi, dereva gani wa hapa hapa atawabeba, ili pesa ibaki kijijini. Na adabu tuziandike wazi, nguo za heshima, mtu aombwe ruhusa kabla ya picha hasa kinamama na watoto, droni zisiruke juu ya uwanja moto ukiwaka, chupa urudi nayo. Mtu akiona klipu ya mgeni mwenzake amekaa mkekani anakula na wenyeji na yeye atataka hivo hivo, wanaiga wanachokiona, ndo maana tunasema video ya chakula ina faida kuliko ya moto.

Tunachoomba kwako ni simu moja yenye kamera nzuri na bando la mwaka mzima, mwalimu wa kutufundisha kuhariri video, na mapipa ya taka pale uwanjani. Na kubwa zaidi, utusemee kwa wenye mahoteli gari zao zisiondoke mpaka watu wamekula.

Naomba kuwasilisha.