Sh1,000 kwa kila mwanafunzi: ombi kwa madiwani wa Mwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na madiwani na wakurugenzi wa halmashauri za Mkoa wa Mwanza, na wenzao wa mikoa mingine inayopakana na ziwa. Kila halmashauri itenge kutoka mapato yake ya ndani angalau Sh1,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, kuanzia darasa la tano hadi kidato cha nne, kwa ajili ya elimu ya afya ya uzazi na kinga ya magonjwa shuleni. Fedha hiyo iwe na kifungu chake kwenye bajeti na isihamishiwe kwingine.

Kiasi hicho sikukibuni. Halmashauri zetu tayari zinatakiwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na viongozi wa mikoa wanaulizwa kila mwaka imetumikaje. Kisheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani inakwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu wa kutenga fedha kwa jambo moja na kuifuatilia tunaujua vizuri. Nashangaa tu kwamba mtoto yuleyule tuliyemhesabia lishe akiwa mgongoni, akifika umri wa balehe hana hata shilingi inayosomeka kwa jina lake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Baiolojia. Nimefundisha sekondari za kata kandokando ya ziwa, na kwa muda mrefu nilibeba pia kazi ya unasihi, kazi ambayo katika shule nyingi anapewa mwalimu yeyote anayeonekana mpole, bila semina wala kitabu. Tulikuwa na sanduku la maswali. Mwanafunzi anachana kipande cha daftari, anaandika bila jina, anatumbukiza. Ijumaa tunafungua na kujibu mbele ya darasa. Mtu anayesema watoto hawa bado wadogo angesoma vikaratasi vile. “Mwanaume akisema amepima nimwamini?” “P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) ukinywa mara nyingi unakuwa mgumba?” “Hedhi imepotea miezi miwili na sijalala na mtu, nina mimba?” Kuna kimoja kilichoandikwa kwa penseli, herufi zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka: “Dada yangu anakojoa damu, mama anasema ni ugonjwa wa uhuni. Ni kweli?”

Swali hilo nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu ni la huku kwetu. Kichocho cha mkojo kipo sana kwenye majaruba ya mpunga na malambo ya Misungwi, Kwimba na Magu, ambako watoto wanachota maji, wanaoga na kunywesha ng’ombe. Kwa msichana, mayai ya minyoo hiyo hayaishii kwenye kibofu. Yanaweza kukaa kwenye mlango wa kizazi na kuleta vidonda, kutokwa uchafu, maumivu na damu. Dalili hizo zinafanana na za magonjwa ya zinaa, kiasi kwamba hata mhudumu wa afya asiyejua anaweza kuandika dawa za kisonono. Binti ambaye hajamjua mwanaume anarudi nyumbani na jina baya, na ugonjwa wenyewe haujaguswa. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, inagawiwa shuleni kwenye kampeni. Mtoto anameza vidonge siku hiyo na kuambiwa asiingie kwenye maji machafu, basi. Nani anamweleza kwamba kile kinachomtesa dada yake kinaweza kuwa kichocho na si uhuni? Ni mwalimu aliyefundishwa, au hakuna.

Muhtasari wa masomo unazo mada hizi. Via vya uzazi vipo, VVU na UKIMWI vipo, magonjwa ya zinaa yapo. Lakini mada iliyo kwenye kitabu inaweza kupita darasani kwa dakika kumi: mwalimu anachora mchoro ubaoni, wasichana wanainamia madaftari, wavulana wanacheka nyuma, kengele inalia. Simlaumu mwalimu huyo. Hajawahi kufundishwa namna ya kusema maneno yale mbele ya watoto wa jirani zake, na ruzuku ya serikali ya Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka ina chaki, mitihani, ukarabati na vitabu vinavyoisubiri.

Kwa zaidi ya miaka 20 pengo hilo tumewaachia wafadhili walizibe. Mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulioanza 2003, umeokoa maisha ya watu wengi nchini na nasema ahsante bila kusita. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya VVU ikasimama au ikapunguza watumishi ndani ya wiki chache. Mwananchi wa Sengerema hakuwa na mtu wa kumuuliza, maana fedha ile haikupigiwa kura na diwani wake. Tiba inaweza kutafutiwa fedha ya dharura kutoka Hazina kwa sababu mgonjwa asiye na dawa anaonekana. Elimu ikikatika hakuna anayeanguka mlangoni siku hiyo.

Wapo watakaosema elimu hii imeshajaribiwa hapahapa Mwanza na haikuzuia maambukizi. Wana hoja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mpango wa MEMA kwa Vijana uliendeshwa vijijini mkoani kwetu na kupimwa kisayansi, ukilinganisha jamii 10 zilizopata mafunzo na 10 ambazo hazikupata. Uelewa wa vijana ulipanda na ulidumu kwa miaka. Maambukizi ya VVU na ya malengelenge ya sehemu za siri hayakupungua. Matokeo hayo yalikuwa magumu kuyapokea, na watafiti waliyatangaza kama yalivyo. Ila yasomwe yote. Watoto waliofundishwa hawakuonekana kuanza ngono mapema zaidi kuliko wenzao, na hiyo ndiyo hofu kubwa ya wazazi na viongozi wetu wa dini. Tena masomo yale hayakuweza kumbadilisha mtu mzima mwenye fedha anayemsubiri mtoto njiani.

Yasomwe pamoja na utafiti mwingine wa hukuhuku. Kati ya 1991 na 1994, zahanati na vituo vya afya vya vijijini Mwanza viliimarishwa: wahudumu walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa, dawa zikapelekwa na zikawa zinapatikana. Maambukizi mapya ya VVU katika jamii zile yalipungua kwa karibu asilimia 40. Majaribio ya Uganda yaliyofuata kwa njia tofauti hayakupata matokeo kama hayo, kwa hiyo sisemi tumepata dawa ya kila kitu. Ninachosema ni kwamba darasa lisilounganishwa na zahanati halitoshi, na ndiyo maana naomba fedha itakayolipia vyote viwili.

Tuone shule ya msingi yenye wanafunzi 300 kuanzia darasa la tano hadi la saba. Hiyo ni Sh300,000 kwa mwaka. Itamlipa nauli na posho muuguzi wa zahanati ya kata aje shuleni mara moja kwa mwezi, itachangia mafunzo ya walimu wawili, mwanamke na mwanaume, wakati wa likizo, na itabaki ya kuchapa kurasa chache. Si nyingi. Lakini muuguzi yule akishazoeleka darasani, binti ataijua sura yake atakapofika zahanati na hatageuka mlangoni kwa kumkuta jirani yake kwenye benchi. Kijana atasikia kutoka kinywani mwake kwamba sheria ilibadilishwa 2019, na mwenye miaka 15 anaweza kupima VVU bila kibali cha mzazi. Wanafunzi niliowafundisha baada ya mabadiliko hayo wengi hawakuwa na habari nayo.

Kwamba shule zinaweza kazi hii, chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, imeonyesha. Ilianza kutolewa nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sehemu ya ushahidi kwamba dozi moja inatosha ilitoka kwa wasichana 930 wa mkoa huu walioshiriki utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na washirika wake. Mabinti wa Mwanza wamesaidia dunia kujilinda na saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Naona fahari nikiandika hivyo.

Kuna wanafunzi ninaowafikiria zaidi, wa geto. Sekondari iko mbali, bweni hakuna, mzazi yuko kisiwani au kambini kwenye dagaa, basi binti wa miaka 14 anapangishiwa chumba karibu na shule. Anajipikia mwenyewe, na sabuni ikiisha katikati ya wiki anajua nani atampa na atataka nini. Zamani bibi na shangazi walikuwa na kazi ya kumweka kitako. Huyu shangazi yake yuko Geita, wanaongea kwa simu salio likiwepo. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshapata mimba. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 27, kwa hiyo tunasogea. Waraka wa elimu wa serikali wa Novemba 2021 unamruhusu aliyejifungua kurudi darasani, na nimewapokea wasichana waliorudi, wakasoma vizuri. Kila mmoja wao alikuwa na swali ambalo alistahili kujibiwa mwaka mmoja mapema.

Kwa wazazi wenzangu wenye wasiwasi: njooni shuleni msome kinachofundishwa. Kamati ya shule ina haki ya kukiona, na masheikh na wachungaji wakaribishwe kwenye kikao hicho. Kipindi kinachofichwa wazazi kitakufa muhula wa kwanza.

Kuhusu fedha itoke wapi, twendeni Kirumba mwaloni, Kayenze au Igombe asubuhi tuone ushuru wa dagaa na samaki unavyokusanywa. Wanafunzi wengi ninaowazungumzia wanatoka kwenye nyumba zinazouona mwalo huo.

Mabaraza ya madiwani hupitisha mapendekezo ya bajeti mwanzoni mwa mwaka, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Naomba kifungu hiki kiingizwe kwenye mapendekezo yajayo, na kila robo mwaka kiasi kilichofika na kilivyotumika kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule, kando ya ruzuku, mahali ambapo mwanafunzi naye anaweza kukisoma.

Mwalimu mstaafu,
Ilemela, Mwanza