Barua kwa Rehema: Juma na saikolojia

Rehema mpenzi,

Habari za siku nyingi, shoga? Ujumbe wako nimeupata, kwamba Juma anang'ang'ania saikolojia na mzee anahofia mwanawe ataishia kushinda na vichaa. Mwambie mzee atulie. Anayeandika dawa ni daktari wa magonjwa ya akili, aliyesomea udaktari kwanza. Mwanasaikolojia wa tiba humsaidia mgonjwa kwa vipimo na mazungumzo, na hilo ni tawi moja tu. Tena Juma asidhani atakabidhiwa wagonjwa siku ya kuvua joho. Tawi hilo hudai masomo zaidi na mazoezi chini ya msimamizi.

Ningekuwa mimi, ningemwonjesha kwanza saikolojia ya makuzi, inayofuatilia binadamu anavyobadilika tangu utotoni hadi uzeeni. Hapa napendelea, sikufichi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alimfuata mumewe Uganda, akaanza kutembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala. Maabara hakuwa nayo. Alikaa tu na kina mama majumbani mwao akitazama: mtoto anatambaa kuelekea mlangoni, anageuka kuhakikisha mama yupo, ndipo anaendelea na utundu wake. Mama akiinuka kutoka, mchezo umekwisha. Nadharia ya mfungamano wa mama na mtoto, inayofundishwa leo kila mahali, imejengwa kwa sehemu juu ya ziara hizo, ingawa wanafunzi wengi hukariri majaribio yake ya baadaye ya Baltimore, Marekani, tu.

Kwa ubishi wa Juma, saikolojia ya utambuzi nayo itamfaa: kumbukumbu, umakini, lugha, namna tunavyoamua mambo. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza mwendo. Walioulizwa magari "yalipobamizana" walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa "yalipogongana". Katika jaribio jingine, baada ya wiki moja, wengi zaidi wa kundi la kubamizana walidai kuona vioo vilivyovunjika, na havikuwapo! Tangu nisome hayo, shahidi anayeapa kwamba "niliona kwa macho yangu" hanitishi.

Saikolojia ya jamii huangalia mtu anavyogeuka akiwa kundini. Ya elimu ipo darasani, ya kazi ipo maofisini, na ya kibiolojia inachimba ubongo, homoni na usingizi. Hiyo ya mwisho ilinitoa jasho.

Jambo moja msimfiche: takwimu zipo kila tawi. Kama anakimbia hesabu, mpe pole mapema. Akivumilia hilo, anipigie Jumamosi jioni kabla hajajaza fomu, tuangalie kozi moja moja.

Mzee na mama wape shikamoo zangu.

Shoga yako,
Zuhura