YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIKAANGO CHA VITUMBUA MLICHOKIPAKA RANGI MKASEMA KIMEKARABATIWA

Mwanjelwa, Mbeya
Julai 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja
(Jina la kampuni nimelihifadhi)

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, nauza chai na vitumbua hapa Mwanjelwa. Niliwaletea kikaango changu cha chuma cha kusubu, kile kizito cha mashimo, kilichoshika kutu baada ya kukaa stoo masika yote. Kilikuwa pia na ufa mwembamba kwenye shimo moja la pembeni. Kijana wenu wa mapokezi aliuona, akaandika kwa mkono wake nyuma ya risiti: "kutu na ufa pembeni". Akanitoza shilingi 45,000 kwa vyote viwili.

Nilirudishiwa kitu cheusi kinachong'aa kama kiatu cha askari. Nikakibandika kwenye jiko la mkaa, nikatia mafuta, na kabla hayajapata moto sawasawa banda zima likanuka gereji. Kwenye lile shimo la pembeni rangi ikafura, ikapasuka. Niliikwangua kwa ncha ya kijiko, ikabanduka kipande. Chini yake kulikuwa na unga wa kijivu uliogandamana, ambao fundi yeyote wa kunyoosha bodi za magari ataujua kuwa ni bodifila. Chini ya bodifila, ufa wangu uleule. Na kandokando ya ufa, kutu nyekundu haijaguswa.

Nilipowapigia simu nikajibiwa, "Mama, hiyo ni harufu ya upya tu, ukipikia mara mbili tatu itaisha." Itaisha iende wapi, Ndugu Meneja? Si itaingia kwenye vitumbua? Mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 180 na zaidi. Rangi ya geti na bodifila havikutengenezwa vikae humo, halafu watu wale.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kutu ilikuwa kazi nyepesi. Chuma cha aina hii hakiharibiki kwa kutu ya juu juu. Kinasuguliwa kwa brashi ya waya, na palipokolea kinalowekwa kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, huku ukikichungulia kila baada ya muda mfupi, maana siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Kinaoshwa, kinakaushwa papo hapo juu ya moto, kisha kinapakwa mafuta. Hapo kwenye mafuta ndipo wengi wanapoharibu: ukipaka mengi yanabaki kunata kama ulimbo. Unapaka, halafu unafuta kama vile unataka kuyaondoa yote, unakipa moto mkali wa kama nyuzi 200 hadi 250 kwa saa nzima, kinapoa, unarudia. Mafuta yanageuka ngozi nyeusi ngumu inayoshikana na chuma. Weusi wa kikaango cha kupikia hutokana na hiyo. Alizeti yetu ya kawaida inatosha kabisa, na haifiki bei ya kopo moja la rangi ya kupuliza.

Ufa ni habari nyingine, na hapo nilitegemea mniambie ukweli. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4, ndiyo maana hakipindi bali hukatika. Kukichomelea kunataka kwanza kipashwe moto chote, vijiti maalumu vyenye nikeli, kisha kipoe polepole sana. Bila hivyo kinapasuka tena kando ya pale pale palipochomelewa. Kwa chombo cha kubeba mafuta ya moto, jibu la fundi mkweli lingekuwa, "Mama, hiki hakifai tena kupikia." Ningeumia, lakini ningekubali. Hata kukigonga tu kwa kijiko kungewatosha: kizima kinalia kama kengele, changu kinatoa sauti ya debe. Badala yake mmeuficha ufa, na siku kingegawanyika mafuta yangenimwagikia mimi au binti anayenisaidia.

Mlijaribu pia kunipa kingine "cha kufidia", kilichotumika, chenye utando wa kijivu chini. Nikauliza kimetoka wapi, hakuna aliyejua. Nilikikataa na naomba msikiuze kwa mtu mwingine kabla hakijapimwa. Vyombo vizito kama hivi ndivyo watu huchukua kuyeyushia risasi ya betri kuukuu, iwe ya vizito vya nyavu au kitu kingine, kwa kuwa risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 na jiko la mkaa linafika huko bila shida. Chombo kilichoyeyushia risasi hakioshwi kikafaa tena kwa chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto. Wateja wangu wa asubuhi wengi ni wanafunzi.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe shilingi 45,000 zote. Naomba pia mnijulishe kwa maandishi ni rangi gani mliyotumia, na muwatafute wateja wengine mliowapakia vyombo vyao vya kupikia ili waache kuvitumia. Sihitaji kipakwe upya.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), pamoja na kikaango chenyewe. Kwa sasa nimekifungia stoo. Anayetaka kukikagua aje baada ya saa nne asubuhi, wateja wa chai wakishapungua.

Wako,
Mteja wenu, Mwanjelwa

Viambatisho: nakala ya risiti pande zote mbili, picha za rangi iliyobanduka na ufa.