Mtoto wa mbwa asiyeona katika nyumba ya mbwa wengi: mwacheni mkubwa angurume

"Dokta, huyu mumchome tu sindano akapumzike." Mama mmoja wa Isamilo, hapa Mwanza, alilitua boksi juu ya meza yetu kisha akageukia dirishani. Ndani ya boksi mlikuwa na dume la wiki tisa, limeshiba, linatikisa mkia, macho yote mawili meupe kama maziwa. Watoto wa nyumbani walikuwa wameshampa jina la Babu, kwa jinsi anavyotembea akipapasa ukuta.

Tulimuuliza anaogopa nini hasa. Tulidhani atataja ngazi, maana nyumba yake, kama nyumba nyingi za Mwanza, imepanda juu ya majabali na kutoka getini hadi mlangoni ni kupanda tu. Akakataa. "Ngazi ameshazijua. Shida ni wale wenzake wanne. Siku moja watamrarua."

Mama huyo aliliona tatizo lilipo. Wateja wengi wanaotuletea mtoto wa mbwa asiyeona hutaka kujua habari za kuta, mitaro na mashimo. Hayo yapo, tutayasema kidogo. Lakini mbwa huijua dunia kwa pua kabla ya kitu kingine, kisha kwa masikio, na mtoto mwenye afya huweza kuijua ramani ya uwanja wenu mapema kuliko mnavyotarajia. Kinachomshinda ni mbwa wenzake, kwa sababu mbwa huongea kwa mwili. Mkubwa akikauka ghafla, akainua mkia, akakodoa macho, ameshasema "usisogee". Mwenye macho husoma akapita pembeni. Babu hasomi. Anamgonga mkubwa mbavuni, na mkubwa anaona kadharauliwa.

Kabla ya yote, hakikisheni kwamba kweli haoni. Mbwa huzaliwa macho yamefumba, akayafumbua kati ya siku ya 10 na ya 14, na mwanzoni macho huwa na ukungu wa rangi ya buluu. Akiwa na wiki tatu bado anaona kwa shida. Kwa hiyo anayetuletea mtoto wa wiki tatu akilia kwamba ni kipofu, mara nyingi tunamrudisha nyumbani asubiri. Akifika wiki nane, mpimeni: mmoja amshike, mwingine adondoshe kipande cha pamba mbele ya uso wake. Pamba haina sauti, na anayeona huifuata kwa macho. Msimpungie mkono karibu na uso, maana upepo wa mkono hugusa sharubu zake, naye atashtuka mkadhani ameona.

Yapo mambo yasiyosubiri. Jicho lililo bado limefumba likavimba au kutoa usaha. Jicho linalotuna, linalotoa machozi, na mtoto analisugua kwa mguu: hilo linauma, pengine presha imepanda ndani yake, na jicho lisiloona bado laweza kuuma vibaya sana. Na kwa nyumba zetu hizi za kwenye mawe, nyoka. Swila akimtemea mbwa sumu machoni, yaosheni macho hapo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, ndipo mtafute usafiri. Wapo mbwa wanaopoteza macho kwa sababu watu walikimbilia bajaji kwanza.

Sababu za upofu ni nyingi: mtoto wa jicho wa kuzaliwa, macho yaliyozaliwa madogo, distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa), kuumia, magonjwa ya kupe. Mbwa waliopita maeneo yenye mbung'o hupata vimelea vinavyoweza kulifanya jicho liwe na utando wa buluu, na hapo matibabu ya mapema yana maana. Babu alikuwa na mtoto wa jicho wa kuzaliwa. Upasuaji wake upo duniani, hapa kwetu hatuufanyi, na hatupendi kumdanganya mtu. Tulichomwambia mama ni kwamba hali hiyo mara nyingine hurithiwa, hivyo wazazi wake wasipandishwe tena, na Babu mwenyewe ahasiwe akikua.

Sasa turudi kwa wale wanne. Kosa la kwanza tulilolikuta Isamilo lilikuwa la upendo. Simba, dume la miaka saba, akinguruma Babu anapomsogelea, mtu alimpiga kofi: "Simba! Mwache mtoto!" Baada ya siku chache Simba akaacha kunguruma. Nyumba nzima ikafurahi. Kisha jioni moja akamuuma Babu sikio bila onyo lolote.

Onyo lilikuwepo, ila walikuwa wamelizima wenyewe. Katika yote ambayo Simba huyasema kwa mwili wake, mngurumo ndilo neno pekee ambalo mtoto asiyeona anaweza kulipata. Mkubwa akinguruma na mtoto akarudi nyuma, msimkemee mtu. Mazungumzo yamefanyika. Nyie ingieni pale mtoto anaposhindwa kurudi, labda kabanwa kwenye kona, au mkubwa anapomfuata na kumkandamiza hata baada ya kukubali yaishe. Hapo mtengeni mkubwa kwa utulivu, bila fimbo, aende upande mwingine. Akipigwa kila Babu anapokaribia, atajifunza kwamba Babu analeta kipigo, na chuki ya namna hiyo kuitibu ni kazi.

Baada ya kurudishwa mngurumo wa Simba, tulileta njuga. Kengele ndogo za mbuzi kutoka duka la pembejeo zinafaa, hata funguo mbili za zamani kwenye pete zinafaa. Msiwavike wote sauti ileile, kwa sababu mtoto atasikia makelele tu asijue ni nani. Jeki, kijana mwenye fujo, tulimpa njuga mbili. Simba alipata funguo. Popi, mama yao, tulimwacha bila kitu kwa kuwa Babu anamjua kwa harufu akiwa bado upande wa pili wa uwanja. Waliowahi kuona ngoma za Wasukuma wanajua jinsi njuga za miguuni zinavyokwambia mchezaji yuko wapi hata ukiwa nyuma ya watu. Babu naye alianza kugeuza kichwa kumfuata Jeki siku hiyohiyo.

Mama akauliza swali zuri. "Dokta, mbwa wa ulinzi mwenye njuga? Mwizi si atamsikia?" Tukamjibu kwamba Babu akishalala ndani saa nne usiku, njuga zivuliwe. Ila kwa maoni yetu, mwizi aliyesikia mbwa na kuondoka amekupunguzia kazi.

Saa mbaya kuliko zote ni jioni, pale mabanda yanapofunguliwa. Wengi wetu hufungia mbwa mchana na kuwaachia giza likiingia. Wanatoka kama maji ya mvua yanavyoshuka Mabatini, na aliye njiani anakanyagwa, haoni wanakotokea. Dawa yake ni utaratibu. Babu atoke kwanza, aende kwenye mkeka wake uliowekwa pale pale kila siku, pembeni ya ukuta. Akishakaa, atoke Popi. Wengine wafuate mmoja mmoja, kila mmoja amekaa kwanza ndipo mlango ufunguliwe. Wiki ya kwanza mlinzi wa pale alituona wasumbufu. Wiki ya tatu alikiri kwamba hata yeye haparamiwi tena.

Chakula nacho kina vita yake. Mbwa anayelinda sufuria hukauka mwili kimya kimya, na asiyeona huingiza pua moja kwa moja. Babu ale peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, na sufuria ziondolewe zote kabla hajatoka. Ugali na dagaa ni sawa kama sehemu ya chakula. Mapanki ya sangara, yale mabaki baada ya minofu kutolewa, tafadhali, toeni mifupa.

Kuhusu nyumba tutapita haraka. Vitu vikae mahali pamoja. Gunia mbele ya ngazi ya kwanza, mkeka mlangoni, kokoto kuzunguka karo, ili miguu yake ijue alipo kabla ya pua kugonga. Funikeni mtaro na shimo la maji machafu. Jiko la mkaa lisiwekwe chini anapopita. Na msimbebe bebe: mtoto anayebebwa kutoka sebuleni hadi uani hajui njia aliyopita, anaanza upya kila mara. Ikibidi kumbeba, mshusheni kila siku palepale, tuseme kando ya chombo chake cha maji, aanzie hapo. Umeme ukikatika, kwa taarifa yenu, yeye ndiye pekee asiyejikwaa.

Chagueni pia maneno na mkubaliane. Pale Isamilo baba alisema "simama", watoto "stopu", bibi akamwita kwa Kisukuma, na Babu akawa anasimama kwa heshima akimsubiri mtu mmoja amalize. Sasa ni "ngoja", "panda" na "shuka", basi.

Akilala asiguswe kabla ya kuitwa jina. Hili waambieni watoto kila mara, na mbwa wengine msiwaache walale naye pamoja mpaka muwe mmewaona wakipumzika karibu karibu kwa muda mrefu bila shida. Akishtuka huweza kung'ata kabla hajajua ni nani. Jeraha la kuumwa na mbwa yeyote lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu aende hospitali, hata kama mbwa amechanjwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu, na upofu haumwondoi kwenye ratiba. Ile ya distempa na pavo, ugonjwa mwingine wa virusi, huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya 16.

Kuhusu sindano ya kumlaza, tunayo, na tunaitumia kwa mnyama anayeteseka bila tiba. Babu alikuwa na njaa na mkia unaocheza. Kumtupa mwaloni, kando ya ziwa, usiku, kama tunavyoona wengine wakifanya, ni ukatili, na nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008.

Kwa nyumba za namna hii huwa tunakuja wenyewe, jioni, saa ya kufungua mabanda, kwa sababu mezani kwetu kila mbwa ni mpole. Tukija tunaomba kadi za chanjo za mbwa wote, siyo ya mdogo tu, na mtu anayewalisha awepo, hata kama ni dada wa kazi au mlinzi. Yeye ndiye anayejua nani humnyang'anya nani. Mkilazimika kuja kwetu, leteni mtoto na yule mkubwa anayewatia wasiwasi, lakini kwa usafiri tofauti. Tulishapokea bajaji moja iliyobeba wote wawili pamoja na mwenye mbwa. Dereva alifika akiwa anaisukuma.