Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Majitaka: kamera kwanza, katapila baadaye

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, nimefika ofisini kwako mara nne nikaambiwa uko kikaoni. Ndiyo maana naandika hapa.

Jumanne usiku chemba iliyo mbele ya duka langu ilifumuka tena. Mimi ni fundi cherehani. Majitaka yaliingia hadi chini ya meza ya kukatia, yakalowesha vitenge doti sita vya harusi ya Jumamosi. Nimevilipa kwa ada ya mwanangu.

Asubuhi vijana wako walikuja, wakachungulia, wakasema, "Mama, hapa ni kuchimba." Mheshimiwa, mtachimba mara ngapi? Mlichimba mwaka juzi, mkachimba mwaka jana. Mnafukia kifusi, lami hairudi, na wateja hawapiti miezi miwili. Kwenye mkutano wa mtaa uliahidi mbele yetu kwamba tatizo hili litakwisha kabla ya masika. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari la vipimo. Ninalo.

Bomba lenyewe ni la saruji, la zamani kuliko mimi. Mwanangu anayesomea ufundi kanieleza kuwa ile hewa inayonuka yai viza hugeuka tindikali kwenye dari ya bomba, ikaila saruji, na joto letu linaharakisha. Mimi nashuku pia mizizi ya mkungu wa pale kona. Vyovyote iwavyo, kubadilisha kipande cha mita tatu kunasaidia nini?

Mwaka 1971, kule London, mhandisi Eric Wood alikarabati bomba kuukuu la majitaka kwa kulivisha kitambaa ndani. Kitambaa kinalowekwa resini, yaani gundi inayoganda ikawa ngumu, kinapitishwa kwenye chemba, kinasukumwa kwa maji au hewa hadi kigandamane na ukuta wa bomba, kisha kinapashwa moto hadi kiwe kigumu. Miunganisho ya nyumba hutobolewa upya kwa mashine kutokea ndani. Nilielewa palepale: ni bitana. Najua pia kwamba bitana haiokoi nguo iliyochanika vipande. Bomba lilipoporomoka, chimbeni hapo, na hapo tu.

Lakini mtapajuaje bila kutazama? Pitisheni kamera, Mheshimiwa. Siombi fidia, wala siombi lami. Naomba kamera ipite ndani ya bomba kabla katapila halijagusa barabara. Kamera tu.

Chemba iko mbele ya mlango wa bluu. Mimi nafungua saa moja asubuhi.

Fundi wa mlango wa bluu