Mheshimiwa Waziri, jua halimsubiri mgeni rasmi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo,

Jumapili moja ya Februari, hapa Dar es Salaam, tulijipanga mstarini saa 11:45 alfajiri. Kipeperushi kilisema mbio za kilomita 21 zinaanza saa 12 kamili. Saa 12 ilipofika, mshereheshaji akatuomba subira kidogo, mgeni rasmi yuko njiani. Tukachezeshwa viungo kwa muziki mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Saa 1 mgeni akaingia, akasalimiana na meza kuu, akatuhutubia juu ya faida za mazoezi. Bendera ilishushwa saa 1:20. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya majengo na tisheti yangu imelowa kabla sijapiga hatua.

Simtaji mgeni yule wala waandaaji wale. Mbio za namna hiyo nimekimbia nyingi, na mahali pengine tumewahi kusubiri zaidi ya hapo.

Kilomita ya 17 nikamfikia mwenzangu wa klabu yetu ya jogging, fundi umeme, aliyekuwa mbele yangu tangu mwanzo. Alikuwa anakwenda upande upande, kama mtu anayetembea ndani ya pantoni bahari ikiwa imechafuka. Nikamuuliza vipi. Akanijibu nimwambie konda ashushe hapo. Nikacheka, nikajua ni utani wake. Watu pembeni ya barabara wakapiga kelele: "Komaa kaka, umebakiza kidogo!" Nami, Mheshimiwa, nikamwambia komaa. Akakomaa. Mita kama mia tatu mbele akaanguka kifudifudi bila hata kutanguliza mikono.

Vijana wa huduma ya kwanza walifika haraka, siwalaumu. Walimtia glukosi mdomoni, wakampepea kwa boksi, wakampakia kwenye gari. Gari likakwama kwenye foleni iliyosababishwa na barabara tulizozifunga sisi wenyewe kwa ajili ya mbio. Alipofikishwa hospitali joto la mwili lilikuwa limepita nyuzi 41. Kesho yake mkojo ukatoka mweusi kama Coca-Cola. Daktari alitueleza kuwa misuli imeharibika, imemwaga taka zake kwenye damu, na figo zimeshindwa kuzichuja. Akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara sita.

Baadaye ndipo mkewe alipotuambia kwamba alfajiri ile alimeza vidonge viwili vya diklofenaki ili goti lisimsumbue. Dawa za aina hiyo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mwenzangu alizipunguzia figo zake damu siku ambayo ziliihitaji kuliko siku zote. Hakuna aliyemshangaa. Tulitazamana tu, maana nusu ya klabu hufanya hivyo hivyo, nami nimo.

Naomba nieleze kidogo joto hili linavyofanya kazi. Mtu anapokimbia, sehemu kubwa ya nguvu inayotoka kwenye misuli, karibu robo tatu, haimsogezi mbele. Inageuka kuwa joto ndani ya mwili. Joto hilo hutolewa na jasho, lakini jasho linalodondoka chini halipozi kitu. Linalopoza ni lile linalokaukia kwenye ngozi, na kwa unyevu wa hewa wa pwani yetu mwezi wa pili, jasho halikauki. Ndiyo maana saa moja na dakika ishirini za kumsubiri mtu si jambo dogo. Zinatuhamisha kutoka hali ya hewa moja kwenda nyingine.

Wenzetu wanalijua hilo. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alituletea dhahabu ya kwanza ya nchi hii katika mashindano ya dunia ya riadha. Sote tulishangilia, pengine na wewe ulikuwa macho. Mbio zile zilipangwa kuanza saa 2 asubuhi kwa saa za kule. Kwa sababu ya joto waandaaji wakaziwahisha, zikaanza saa 1:30. Mashindano ya dunia, yenye televisheni za dunia nzima, yalisogezwa kwa hofu ya jua. Ya kwetu yanasogezwa pia, ila kuelekea juani.

Kuna jambo jingine linalonikereketa, nalo ni gumu kulisema mbele ya Watanzania. Karibu kila mbio, mshereheshaji hutusimulia habari za Mzee John Stephen Akhwari. Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968: alianguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji, akaendelea, akamaliza wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akasema nchi yake haikumtuma maili 5,000 aanze mbio, ilimtuma amalize. Nikiisikia bado nasisimka. Lakini tumeifanya kuwa sheria kwamba anayeacha ni msaliti, tukasahau kuwa Akhwari aliumia goti, kichwa chake kilikuwa kizima. Alijua yuko wapi, anafanya nini na kwa nini.

Joto haliji hivyo. Joto huanza na akili. Yule anayetakiwa kuamua kuacha ndiye wa kwanza kupoteza uwezo wa kuamua, na miguu inaendelea yenyewe. Mwaka 1954 kule Vancouver, Kanada, katika mbio za marathoni, Mwingereza Jim Peters aliingia uwanjani akiongoza kwa dakika 17 hivi. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena, mara nyingi, uwanja mzima ukimtazama. Hakuufikia utepe, wala hakushindana tena maisha yake. Mwenzangu alipomwomba konda ashushe, alikuwa ameshafika huko alikofika Peters, nami nikamwambia komaa.

Sasa ombi langu. Mbio zetu zinakimbiwa kwa vibali, na mamlaka ya vibali yako chini yako. Kibali kiseme bendera inashuka saa 12 kamili, mgeni awepo asiwepo. Hotuba ziwe wakati wa kugawa medali, tutasikiliza vizuri zaidi tukiwa tumekaa. Na asipewe kibali mtu asiyeonyesha kwamba kilomita za mwisho zitakuwa na maji ya barafu ya kumlaza mtu aliyezidiwa na joto.

Nasema barafu kwa sababu huyu hatibiwi kwa kuwahishwa hospitali. Anapozwa kwanza hapo hapo, kabla nusu saa haijaisha, ndipo anasafirishwa. Kule Falmouth, Marekani, kuna mbio za barabarani zinazofanyika Agosti kwenye joto kali. Kwa miaka 18 walipokea wagonjwa 274 wa aina hii, wakawatumbukiza kwenye maji ya barafu, na hakufa hata mmoja. Kifaa chenyewe si cha kuagiza Ulaya. Simtanki iliyokatwa nusu inatosha, na mapande ya barafu yanauzwa pale soko la samaki la Feri kila alfajiri. Kinachohitajika zaidi ni kipimajoto cha njia ya haja kubwa, maana kile cha paji la uso kinadanganya mtu akishalowa jasho. Najua tutaona haya. Liwekwe pazia.

Na washereheshaji waache kutuhimiza "kunyweni maji, kunyweni maji" kama wimbo. Kwenye marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2002 walipimwa wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi kwenye damu, hasa waliokunywa kupita kiasi. Huo nao unaua.

Fundi wetu amerudi kazini, ngazi anapanda taratibu. Kliniki ya figo anahudhuria kila mwezi, na Jumapili huja kutushikia nguo na funguo tukikimbia. Klabu yetu ina mbio zake ndogo mwezi ujao na barua ya mwaliko imeshaletwa ofisini kwako. Tunaanza saa 12, Mheshimiwa. Foleni ikikukamata, usihangaike kutupigia; pita moja kwa moja kwenye kumalizia, tutakukuta huko.

Mkimbiaji wa kawaida, Dar es Salaam