Kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wa Mombasa: msingoje uhakika

Assalaam aleikum wanangu, na hamjambo nyote.

Mimi ni bwana afya mstaafu. Miguu haifiki tena mbali, lakini simu zenu bado nazipokea. Juzi mmoja wenu wa upande wa Kisauni alinipigia. Nyumba tatu mtaani kwake zina watu wenye homa na maumivu ya viungo, amewapima malaria na hamna. Aripoti, au angoje kwanza aone?

Ripoti, mwanangu, tena leo. Andika umri wa kila mgonjwa, tarehe homa ilipomwanza na alikosafiri, kisha mpigie msimamizi wako. Kama damu ichukuliwe au isichukuliwe, hiyo ni kazi ya afisa wa uchunguzi wa magonjwa. Yakiwa ni mafua tu, hukumkosea mtu.

Wataalamu wa milipuko wana kipimo wanachokiita 7-1-7: siku 7 za kuugundua ugonjwa tangu uzuke, siku 1 ya kuwaarifu wakubwa wa afya, na siku 7 za kukamilisha hatua za kwanza za kuukabili. Zile saba za mwanzo si za waziri, wala si za daktari wa hospitali kuu ya Makadara. Ni zenu. Mgonjwa wa kwanza hununua dawa ya maumivu dukani akarudi kulala, na anayejua kuwa amelala ni jirani yake, na wewe uliyekabidhiwa kaya zipatazo mia.

Chikungunya, homa yenye maumivu ya viungo kama hayo ya Kisauni, ilizuka Lamu mwaka 2004, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeingia Mombasa. Mwaka 2005 ikawa Komoro. Ikaturudia mwishoni mwa 2017, ikaendelea hadi 2018. Homa ya dengi nayo ilitupiga 2013, 2017 na 2021. Zote huenezwa na mbu aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haitoshi.

Basi ukiingia nyumba ya watu, usiridhike na kuambiwa "maji tushamwaga." Omba ruhusa uinue kifuniko cha pipa, umulike kwa tochi ya simu. Viluwiluwi vya mbu utaviona vikijinyonganyonga vikikimbia mwanga. Halafu angalia ukuta wa pipa pale maji yalipoishia. Mayai hugandama hapo, madogo meusi, na yaweza kukaa makavu kwa miezi, maji yakirudi yakaanguliwa. Ndiyo maana pipa husuguliwa kwa brashi, halimwagwi tu. Mwonyeshe mwenye nyumba kwa macho yake, kisha asugue mwenyewe. Wala usimlaumu kwa kuweka maji. Mfereji ukikauka siku nyingi, afanyeje? Deni hilo ni la serikali, na mimi nasema bajeti ya maji ya mji huu ni bajeti ya dharura za afya.

Jambo la pili ni watu kutuamini, na hili linaniuma zaidi. Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, abiria wa feri ya Likoni walipigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi. Mei, Mji wa Kale ukafungwa. Wapimaji walipokuja, wengi walijifungia ndani kwa kuogopa karantini na gharama zake. Hawakuwa wajinga. Hawakuwa na mtu wa kumwamini kati yao na serikali, na mtu huyo hapatikani siku ya mlipuko. Hupatikana miaka kabla, kwa kupima presha ya bibi na kujua watoto wa nyumba kwa majina.

Maabara nazo ni vivyo hivyo, huandaliwa miaka kabla ya mlipuko. Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza, kule Kilifi kilianza mwaka 1989, kikajulikana kwa utafiti wa malaria. Korona ilipokuja, mashine zilikuwepo na watu wa kuziendesha walikuwepo, sampuli za Pwani zikapimwa huku huku kwetu.

Waheshimiwa wawakilishi wadi, najua barua hii itawafikia. Posho ya hawa wahamasishaji ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Ikichelewa, wanaenda kutafuta kibarua, na nyumba zao mia zinabaki bila jicho. Ilipeni kwa wakati kabla hamjanunua hema jingine la dharura.

Nanyi wanangu, kabla ya masika kila mmoja apate namba za watu watatu mtaani: mwenye duka la dawa, mwalimu wa madrasa au mchungaji, na mwenye mkokoteni wa maji. Waambieni wakisikia homa nyumba mbili tatu kwa wiki moja, au kuhara kunakofanana na maji ya mchele, ambako ni dalili ya kipindupindu, wawapigie hata usiku. Namba hizo ziandikeni pia kwenye daftari, maana simu huzima.

Wasalaam,
Baba yenu, bwana afya mstaafu, Mombasa